Uzi wa kioo cha rangi na kioo cha tanuri: soma ufa kabla hujalaumu kioo

#1 FundiVipande

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya siku chache anakuja mtu hapa na picha ya kazi iliyopasuka, anauliza tatizo nini, na majibu ni yale yale: kioo kibovu, pole sana, jaribu tena. Nimeona nifungue uzi mmoja tukae humo humo. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Saba ya mwanzo nilikuwa naunga vipande kwa lehemu tu, minne hii nimeongeza tanuri la kuyeyushia. Nimevunja vingi kuliko nilivyomaliza, na nilichokuja kuelewa ni kwamba kioo mara nyingi hakivunjiki pale ulipokosea. Unakosea kwenye chale, kinakuja kupasuka kwenye lehemu. Unakosea kwenye kuchagua vipande, kinapasuka wiki mbili baada ya kutoka tanurini, kimekaa mezani hakijaguswa na mtu.

Nianze na kukata. Neno lenyewe linatudanganya. Kioo hakikatwi, kinachanjwa chale halafu kinavunjwa. Kigurudumu cha kikatio kinafungua ufa mdogo juu ya uso, na kazi ya mikono yako ni kuukimbiza huo ufa mpaka upande wa pili. Ndiyo maana chale inapigwa mara moja tu. Ukirudia juu ya mstari ule ule unasaga kingo za ufa, kigurudumu kinapata makovu, na kioo kinaamua chenyewe pa kupasukia.

Tumia masikio. Kwenye kioo angavu chale nzuri inalia kama hariri inayochanwa, sauti moja toka mwanzo hadi mwisho. Kioo cha maziwa, kile chenye weupe usioonyesha upande wa pili, hulia kidogo sana au hakilii kabisa, kwa hiyo hicho usikidai sauti, utazidisha mkono bure. Ukiona vijibanzi vinarukaruka pembeni ya mstari na unga mweupe, umekandamiza mno. Nguvu itoke begani, kifundo cha mkono kikae kimya. Anzia ukingoni, malizia ukingoni, kisha vunja hapo hapo. Chale iliyolala usiku kucha inakuwa mkaidi.

Kioo chenye mabonde upande mmoja, chanja upande laini. Kile chenye ngozi ya upinde wa mvua, chanja upande usio na ngozi.

Mkunjo wa ndani, mfano tumbo la mwezi mchanga, ndio unaoliza watu wengi. Piga kwanza chale ya umbo lenyewe. Halafu, kwenye sehemu utakayotupa, piga chale nyingine kama magamba ya samaki, uzitoe moja moja kuanzia nje. Ukitaka kuutoa mkunjo wote kwa pigo moja, kioo kitakupa mstari ulionyooka, maana hiyo ndiyo tabia yake.

Ukishavunja, pitisha kidole (ukiwa na glavu) na jicho kwenye ukingo mzima. Kijibanzi kilichobaki pale, au ufa wenye urefu wa kope, usiupuuze. Huo ndio utakaofunguka ukija na pasi ya moto ya kuyeyushia lehemu. Saga kwenye grainda yenye kichwa cha almasi, sponji iwe na maji muda wote. Ukiona unga mkavu juu ya kichwa, simama, ongeza maji. Na yale maji ya tope usimwage kwenye sinki, yatatuama kwenye bomba yawe saruji. Acha yatulie kwenye ndoo, mwaga maji ya juu, tope litupe likiwa zito.

Nitaendelea na tanuri chini. Wenye maswali ya kukata leteni kwanza.

#2 KimyaKimya

Nimekaa mkao wa kusoma. Endelea mkuu.

#3 Mbishi_wa_Zamani

Mkuu, hapo kwenye kikatio hujasema lolote kuhusu mafuta. Mimi nakata mkavu mwaka wa tatu na sijafa.

#4 FundiVipande

Hufi mkuu, kinachokufa ni kigurudumu. Mafuta kazi yake kubwa ni kukifanya kizunguke badala ya kuburuzwa, na kushika ule unga usirukie machoni. Mafuta ya taa yanatosha, mafuta mepesi ya cherehani pia. Tone moja. Ukiona kioo kinateleza mkononi kama samaki umezidisha, na hayo mafuta usipoyaosha kwa maji ya sabuni utepe wa shaba, ule tunaovisha ukingoni kabla ya lehemu, hautashika.

#5 Mbishi_wa_Zamani

Sawa, kwenye utepe nimekubali. Wangu hubanduka nikiuosha.

#6 BabuLehemu

Vijana, salama? Naona mmeanza bila mimi.

Fundi amesema vizuri kwenye kukata, mimi niongeze ya kuunga. Kuna njia mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya kale, ya fito za risasi zenye umbo la herufi H, kioo kinaingia pande mbili. Ya pili ni ya utepe wa shaba, kila kipande kinavishwa utepe ukingoni kisha mishono inajazwa lehemu. Hii ya pili ndiyo ilitengeneza zile taa za karakana ya Tiffany kule Marekani, kwa sababu utepe unafuata mkunjo mdogo ambao fito ya risasi haiwezi.

Nafasi kati ya vipande ndiyo inayowaponza wanagenzi. Utepe unahitaji mwanya mwembamba, chini kidogo ya milimita moja. Fito ya risasi ina moyo katikati, kwa hiyo acha milimita moja na nusu kwenda mbili. Mtu anachora mchoro wa utepe, anaamua katikati ya safari atumie risasi, halafu anashangaa dirisha limekua sentimita nzima na haliingii kwenye fremu. Kila mshono umeiba kidogo kidogo.

Fito ya risasi uivute kabla ya kuitumia. Shika ncha moja kwenye jiriwa, nyingine kwa koleo, vuta mpaka usikie imekaza na kunyooka. Usipovuta, italegea yenyewe ikiwa tayari dirishani.

Utepe wa shaba: angalia rangi ya mgongo wake. Kioo angavu kinaonyesha mgongo wa utepe kwa ndani. Ukitaka mishono myeusi mwishoni, nunua utepe wenye mgongo mweusi. Nimewahi kumaliza kazi ya vipande mia moja na arobaini, nikaipaka dawa nyeusi ikapendeza, kuisimamisha kwenye mwanga nikaona kila kipande kimevaa mkanda wa rangi ya shaba ndani. Sikuifungua. Niliitundika ilivyo na kila anayeingia ananisifia hiyo mikanda.

Lehemu: ile ya 60/40, bati 60 risasi 40, inakuwa maji kabisa kwenye nyuzi 190 za Selsiasi hivi na inaganda haraka, ndiyo maana mshono wake unasimama umevimba kama mgongo wa nyungunyungu. 50/50 inataka karibu 215, inachelewa kuganda na kutambaa. Wengine wanaitumia nyuma. Ile ya mafundi redio yenye utomvu ndani iacheni kwa mafundi redio.

Na kwenye fito za risasi muwe na mkono mwepesi. Risasi inayeyuka kwenye 327 na pasi yako iko juu ya hapo. Gusa, ondoka. Ukikaa kuitazama, fito inageuka tone.

#7 FundiVipande

Shikamoo Babu. Hilo la kukaa na pasi sehemu moja nilitaka kuligusa. Hata kwenye utepe, pasi ikikaa mahali pamoja wakati unahangaika kufunika shimo, kioo kilicho chini kinatanuka na jirani yake bado wa baridi. Utasikia "tik". Mshono ukikugomea ruka, nenda kona nyingine, urudi ukishapoa.

Halafu kiokote hicho kilichopasuka ukiangalie. Mara nyingi ufa umeanzia kwenye kile kijibanzi nilichosema. Pasi umeilaumu bure, ilikuwa inakusomea kosa la juzi.

#8 BabuLehemu

Marahaba. Ndiyo hivyo.

Nimesahau mawili. Angalieni mchoro kabla ya kukata: kama kuna mshono unaonyooka toka ukingo hadi ukingo, mmetengeneza bawaba. Siku moja mtu atainua dirisha na litajikunja pale pale. Vunja huo mstari, au ficha waya wa shaba ndani ya mshono. La pili, kulabu ya kutundikia isilehemiwe kwenye utepe wa ukingoni peke yake. Utepe umeshikwa na gundi tu. Iweke pale mshono wa ndani unapokutana na ukingo, mguu wa kulabu ushuke ndani ya mshono. Kazi nzito ivalishe fremu ya zinki.

#9 Mchapakazi_Usiku

Babu, mimi nilisoma kwamba kioo ni maji mazito, kinatiririka polepole, ndiyo maana madirisha ya makanisa ya kale Ulaya ni manene chini. Kwa hiyo hata kazi zetu zitashuka?

#10 BabuLehemu

Hilo lina ndevu kuliko mimi. Kioo kwenye joto la kawaida hakitiririki. Vile vya kale vilipulizwa, vingine vikazungushwa vikawa sahani, unene haukuwa sawa tangu siku ya kwanza. Kinachoshuka kweli ni risasi. Ni laini, inachoka na uzito wake, dirisha linafanya tumbo. Ndiyo maana yale makubwa yana nondo nyembamba zimefungwa kwa waya kila baada ya hatua.

#11 MamaMosaiki

Samahani kuingilia. Nina mtoto anatambaa nyumbani na nafanyia kazi sebuleni. Mume wangu anasema ule moshi wa lehemu ni risasi, niache. Nifanyeje?

#12 BabuLehemu

Dada, mume wako ana haki ya kuogopa, ila ameogopa mlango usio wake. Risasi inachemka kwenye nyuzi 1,749. Pasi yako haifiki hata robo ya hapo kwa kazi ya kawaida. Moshi unaouona ni wa fluksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike, nao unachoma koo na mapafu, kwa hiyo dirisha wazi na feni inayovuta moshi kwenda nje, si inayokupulizia usoni. Risasi inaingia kwa mkono na mdomo. Makombo ya lehemu sakafuni, unga mweupe wa fito zilizokaa, vidole, kikombe cha chai mezani. Mtoto anayetambaa anaishi kwenye hiyo sakafu.

Sebuleni, hapana. Kama huna chumba cha kufunga mlango, kwa sasa fanya kukata na kusaga tu, lehemu isubiri. Na hata kwenye kukata usifagie kwa ufagio mkavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Unga wa kioo haufai kifuani mwa mtu yeyote. Ukiwa na mimba nyingine, risasi iache kabisa.

#13 MamaMosaiki

Asante Babu. Kweli kikombe huwa nakiweka pale pale. Ngoja nihamishe vitu.

#14 Mbishi_wa_Zamani

Vipi kioo cha kujitazamia? Nilitengeneza fremu nzuri, baada ya mwezi mmoja kingo zimekula weusi kama kutu.

#15 FundiVipande

Fluksi na dawa ya rangi zimeingia nyuma na kula ule upako wa fedha. Chanja upande wa mbele, saga taratibu, osha, kausha kabisa, halafu paka vanishi kwenye ukingo na nyuma kabla ya utepe. Ukimaliza kulehemu osha siku hiyo hiyo. Kioo cha kujitazamia hakisubiri kesho.

#16 BintiFeruzi

Habari zenu. Uzi mzuri, ila naomba tuje kwenye tanuri maana mimi nimelia jana.

Nilitengeneza sahani ya sentimita 30. Chini kioo kisicho na rangi, juu michirizi ya feruzi, njano na nyeupe. Nikayeyusha, ikatoka nzuri. Nikaiweka kabatini. Siku ya tisa nasikia "paa" kama risasi ya bunduki, nafungua kabati, vipande viwili. Tena pale feruzi ilipogusana na njano kuna mstari wa kahawia kama umeungua. Tanuri langu linazidisha moto?

#17 Mchapakazi_Usiku

Pole sana dada. Hapo tanuri bovu.

#18 FundiVipande

Mkuu Mchapakazi, ndiyo majibu niliyofungulia uzi huu.

Dada BintiFeruzi, usitupe hivyo vipande. Naomba uniambie mambo matatu. Ukipitisha kidole pembeni ya ufa (taratibu), ukingo wake ni mkali au umelainika? Ufa umepita wapi, umekata katikati ya sahani au umefuata mpaka wa rangi fulani? Na michirizi uliitoa wapi?

#19 BintiFeruzi

Mkali sana, umenikata. Ufa umetembea pembezoni mwa mchirizi mmoja wa feruzi karibu urefu wote, halafu ukakata kwenda nje. Michirizi mingi ni ya pakiti, ila feruzi hiyo moja niliokota kwenye kopo langu la masalia ya dirisha. Rangi ilikuwa ile ile kabisa!

#20 FundiVipande

Haya, tanuri lako halina kosa. Twende taratibu, na wengine wasome.

Ukingo wa ufa ni kama stempu ya saa. Kama kioo kilipasuka wakati moto unapanda, moto uliofuata wa kuyeyusha ungelainisha kingo, ungekuta ufa una midomo ya mviringo, pengine umejiunga nusu. Hapo kosa ni kasi ya kupandisha, hasa chini ya nyuzi 540 ambako kioo bado kigumu na hakipendi haraka. Ukingo mkali maana yake kilipasuka baada ya kuganda, wakati wa kupoa au baadaye. Wako ni mkali, tena wa siku ya tisa.

Halafu njia ya ufa. Ukikata sahani katikati kwa mkunjo kama herufi S bila kujali rangi, shuku upoaji: hukukitulizia vya kutosha, yaani kukishikilia kwenye joto moja kabla hakijapoa. Ukifuata mpaka wa kipande kimoja, hicho kipande na jirani yake hawaelewani. Wako umefuata feruzi.

Sasa kutoelewana ni nini. Kwenye pakiti za kioo cha tanuri utaona herufi COE na namba, mara nyingi 90 au 96. Ni kipimo cha kutanuka kwa joto. Kioo cha dirisha la kawaida kiko kwenye themanini na kitu, kile cha vyombo vya maabara karibu 33. Masalia ya kioo cha dirisha la rangi mara nyingi hayana namba yoyote iliyopimwa, kwa sababu kazi ya lehemu haiihitaji.

Watu wanadhani 90 na 96 ni jirani. Fanya hesabu ya haraka. Sahani ya milimita 300 ikishuka kutoka nyuzi 480 hivi hadi joto la chumba, ya 90 inasinyaa kama milimita 1.24, ya 96 kama milimita 1.32. Tofauti haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Lakini vimeshikana, hakuna anayeweza kumwachia mwenzake, kwa hiyo wanavutana pale kabatini usiku na mchana mpaka mmoja anachoka. Wako alichoka siku ya tisa. Nimewahi kuona cha mtu kimechoka baada ya miezi mitano.

Na hata namba ikifanana si hati ya ndoa. Mnato wa kioo kikiwa kinayeyuka nao unahusika, ndiyo maana viwanda hupima vioo vyao kwa kuviyeyusha pamoja na kuviangalia, na kuandika pakitini kuwa vimepimwa.

Mstari wa kahawia ni kesi nyingine kabisa. Si kuungua. Feruzi nyingi zina shaba, njano nyingi zina salfa, na zikigusana kwenye moto zinaandikiana huo mstari. Wengine wanautafuta kwa makusudi. Usipoutaka, tenganisha hizo mbili kwa kioo kisicho na rangi, au badilisha njano.

#21 BintiFeruzi

Mungu wangu. Kwa hiyo kopo zima nitupe?

#22 FundiVipande

Usitupe, lipime. Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote.

Chukua ukanda wa kioo chako kisicho na rangi, kile cha pakiti. Panga juu yake vipande vidogo vya masalia, vya ukubwa wa ukucha, uache nafasi kati yao. Weka pembeni kipande kimoja cha pakiti ile ile kama shahidi. Yeyusha kabisa, tuliza kama kawaida.

Kikipoa, fungua skrini ya kompyuta iwe nyeupe tupu. Skrini nyingi bapa hutoa mwanga ulioelekezwa upande mmoja. Vaa au shika miwani ya jua ile ya kuzuia mng'ao, izungushe mbele ya skrini mpaka skrini iwe nyeusi. Sasa weka ule ukanda katikati ya skrini na miwani. Kipande kinachoelewana na msingi kitabaki gizani. Kisichoelewana kitakuwa na kijimwezi cha mwanga kimekizunguka. Kadiri kijimwezi kinavyong'aa ndivyo ugomvi ulivyo mkubwa. Shahidi naye aking'aa, upoaji wako ndio una shida, rekebisha huo kwanza.

Mara ya kwanza kuiona hiyo nilipima usiku kucha mpaka vyombo vya jikoni.

#23 KimyaKimya

Nimetoka mafichoni kwa ajili ya hili. Nimejaribu na rula ya plastiki, imetoka rangi za upinde wa mvua. Umetisha mkuu.

#24 Mchapakazi_Usiku

Nakubali nilikurupuka. Mkuu, tupe basi programu ya joto la tanuri unayotumia. Na je, chupa?

#25 FundiVipande

Chupa: iyeyushe peke yake. Usiunganishe chupa mbili tofauti hata kama zote ni za kijani, hujui zimetoka chungu kipi. Hata za mfanano, pima kwanza.

Programu yangu kwa tabaka mbili za milimita 3, kioo cha 90. Tanuri lako si langu, kwa hiyo ichukue kama pa kuanzia:

Panda nyuzi 200 kwa saa mpaka 670, kaa dakika 30. Hapa kioo kinalegea na kukamua hewa iliyo katikati ya matabaka. Ukiruka hatua hii utavuna viputo. Kisha nyuzi 330 kwa saa mpaka 805, kaa dakika 10. Shuka haraka mpaka 482, kaa saa nzima, hapo ndipo kioo kinatulia. Kisha shuka nyuzi 55 kwa saa mpaka 370, zima, usifungue. Narudia, usifungue. Kioo cha 96 wengi wanakitulizia kwenye 510.

Eneo la 700 hadi 760 lipite bila kuzubaa. Ukikaa sana hapo uso unapata ukungu wa fuwele, unakuwa kama umepulizwa vumbi. Kioo kichafu kinaupata haraka zaidi, alama za vidole zinatosha, kwa hiyo osha na ukaushe bila kuacha nyuzi za kitambaa.

Ukiongeza unene, usiongeze muda kwa kukisia. Unene ukiwa mara mbili, kasi ya kupoza ishuke mpaka robo. Na kazi yenye vilima na mabonde, ambapo vipande vimeshikana tu bila kulala, itulize kama vile ina unene maradufu wa sehemu yake nene.

Rafu ya tanuri ipake dawa yake, ile ya kaolini na alumina, mikono minne au mitano myembamba, kila mkono uelekeo wake, ikauke kabisa. Ukishayeyusha kwa moto kamili ikwangue upake upya, mara ya pili inapenda kuganda na kioo. Wakati wa kukwangua vaa barakoa, lile vumbi si la kuvuta.

#26 Mbishi_wa_Zamani

Naona hujasema la kalibu, lile umbo la kukipa kioo sura. Nilifunika kioo juu ya bakuli la udongo lililogeuzwa, kikalikumbatia bakuli na kupasuka. Na hapo nilipoza taratibu!

#27 FundiVipande

Upoaji wako hauna neno. Udongo unasinyaa kidogo kuliko kioo. Kioo kikiwa juu ya mgongo wa bakuli kinapoa kinabana, bakuli halirudi nyuma, kinajinyonga. Kufunika juu tumia chuma cha pua, kinasinyaa kuliko kioo na kukiachia chenyewe. Udongo ni wa kulaza kioo ndani yake, na uwe na vitundu chini vya kutolea hewa.

#28 BintiFeruzi

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita.

Nimepima masalia ishirini na mawili. Kumi na tatu yana kijimwezi, ile feruzi inang'aa kama taa ya pikipiki. Nimetengeneza sahani mpya ya vioo vya pakiti tupu, njano nimeitenga. Ipo mezani siku ya kumi na sita, kila asubuhi naiangalia kwa miwani, giza tupu.

Ila nimejaribu kitu kidogo cha tabaka moja, cha kutundika. Kimesinyaa katikati na kona zake nne zimetoka kama sindano. Sasa hii nayo ni nini?

#29 BabuLehemu

Hiyo nimeijua hata mimi nisiye na tanuri, nimemsikia Fundi akiilalamikia miaka minne. Kioo kikiyeyuka kabisa kinataka kuwa na unene wa milimita 6 hivi. Ukikipa 3 kinajivuta pembeni kujitafutia 6, kona zinabaki nyuma, ndizo sindano. Ukikipa 9 kinafurika nje ya mchoro.

#30 FundiVipande

Babu kamaliza. Sindano zisage kwenye maji, osha vizuri, urudishe tanurini mpaka karibu 720 tu, kingo zitalainika na umbo halitaondoka. Utulize tena kikamilifu, kioo hakihesabu kwamba ulishakituliza mara ya kwanza.

#31 BintiFeruzi

Sawa mkuu. Grainda iko kwenye maji sasa hivi.